Tawi letu la miezi 14 limeunganishwa kwa kufyekwa, sasa wagonjwa wanaambiwa saa 8 badala ya saa 2

Wakuu, nina hasira, mnivumilie nikipayuka.

Kuna mradi wa programu huria ya kupanga miadi ya kliniki. Jina silitaji, wanaouchangia wanaujua. Mimi na wenzangu wawili tumebeba tawi letu (nakala ya msimbo tunayoiendeleza pembeni) miezi 14: programu ifanye kazi hata mtandao ukikata, na isome saa kwa Kiswahili. Hatukujitenga kwa kupenda. Mwanzoni tulipeleka kipande kidogo cha saa peke yake, tukaambiwa tusubiri, tulete vyote kwa pamoja vikikamilika. Tumekamilisha, sasa wimbo ni "mbona tawi lenu kubwa hivi, nani atalipitia?" Si nyie mliolitaka kubwa?

Wiki ileile tuliyotuma ombi la kuunganisha, msimamizi mmoja akaamua kufanya usafi. Akaondoa tabo zote (nafasi za kitufe cha Tab mwanzoni mwa mistari) kwenye mradi mzima, akaweka nafasi nne nne. Programu haikubadilika chochote, ila kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kila mstari ulioguswa ni mstari mpya. Mafaili 63 yakagongana, yaani pande zote mbili zimegusa mistari ileile na Git haijui ichukue ya nani. Na nilishawaandikia mapema: mkitaka kupanga upya msimbo, tuambieni siku moja kabla, tupitishe kipangaji hichohicho kwenye tawi letu kwanza, migongano mingi itajifia yenyewe. Nilijibiwa kwa alama ya dole gumba. Dole gumba, jamani!

Tukakesha siku nne, bando letu, umeme wetu. (Kama hujawahi kuwasha rerere kwenye Git, iwashe leo. Inakumbuka ulivyosuluhisha mgongano, ukijirudia inakusuluhishia.) Tukabakiza faili moja, tukasema hili tulijadili kwanza maana linamgusa mgonjwa moja kwa moja:

<<<<<<< HEAD
saa = muda.hour
=======
saa = (muda.hour + 6) % 12 or 12
>>>>>>> tawi-letu

Juu ni yao, saa 24 kama ilivyo; chini ni yetu, inaigeuza iwe saa ya Kiswahili. Mtoto wa darasa la tatu anajua 08:00 ni saa 2 asubuhi. Kulipokucha tukakuta mtu ameshaunganisha usiku. Katumia -X ours, yaani kila palipogongana chukua cha kwetu, cha wale tupa. Majaribio yetu ya saa (msimbo unaokagua kama saa inatoka sawa) yakaanza kushindwa, ambayo ndiyo kazi yake, akayafuta. Taa ikawa ya kijani, toleo likatoka.

Alhamisi karani wa kituo kimoja ananipigia. Kuna mama kaja na mtoto wa chanjo saa 8 mchana, chumba kimefungwa, anamwonyesha simu: "Fika kliniki kesho saa 8:00." Ametoka mbali, kapanda bodaboda mbili. Aliyetukanwa ni karani, wala si huyo aliyebonyeza.

Isitoshe, mabadiliko yetu 212 yamekandamizwa yakawa moja. Ukifungua git log, orodha ya nani alibadilisha nini, unakuta jina lake tu. Kesho mtu akiuliza mstari huu uliandikwa kwa sababu gani, atamuuliza asiyejua.

Kuna mmoja kaniambia nipunguze jazba, eti hata Linux ilichukua miaka karibu 20 kumalizia PREEMPT_RT, kazi ya kuifanya iitikie ndani ya muda uliopangwa bila kuchelewa. Ni kweli, iliwashwa Septemba 2024, ikatoka na toleo la 6.12. Lakini ile ilikuwa inaingizwa kipande kipande miaka yote hiyo. Mwishoni ilikwama kwenye printk, sehemu inayotoa ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), wakabishana na kuiandika upya mpaka ikakubalika. Hakuna aliyeamka usiku akafyeka. Thomas Gleixner, mmoja wa walioongoza kazi hiyo, alimkabidhi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ombi la mwisho kwa mkono, kwenye karatasi, Vienna. Sisi hata barua pepe ya "tumeunganisha" hatukupata.

Ninachotaka: watengue ule mkandamizo, waunganishe tawi letu lenye historia yake, na majaribio ya saa yarudi kama yalivyokuwa. Nakala kamili ninayo kwenye fleshi. Shida ni kwamba juu ya ule mkandamizo wameshaweka mabadiliko mengine 30 hivi, na mengine yanagusa mafaili yaleyale.

Aliyewahi kutengua kitu cha namna hii bila kuvunja ya wenzake aje hapa anieleze alianzia wapi. Wa kuniambia "anzisha mradi wako" apite kushoto. Vituo vitatu vina foleni ya chanjo Jumatatu.