MJADALA: Albamu moja tu ya hip-hop kisiwani. Nawaacha Kendrick na Kanye, nachukua A Tribe Called Quest

Wakuu, salamu. Swali mnalijua: unaachwa peke yako kwenye kisiwa kisicho na watu, una pa kuchezea muziki na basi. BBC wana kipindi cha redio cha namna hii tangu mwaka 1942, na mgeni huruhusiwa rekodi 8. Hapa tubane zaidi: albamu moja ya hip-hop, iliyotoka mwaka 2010 au baadaye. Mkusanyiko wa ngoma kali za msanii hauruhusiwi. Kwa hiyo Illmatic ya Nas haimo, wala Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay, na hiyo ya pili inaniuma kuiacha.

Kura nyingi najua zitakwenda wapi. To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar (2015) itaongoza, My Beautiful Dark Twisted Fantasy ya Kanye West (2010) itaifuata kwa karibu. Mimi nasimama na We Got It from Here... Thank You 4 Your Service ya kundi la A Tribe Called Quest, iliyotoka Novemba 2016.

Naona wengi wetu tunajibu swali ambalo hatujaulizwa. Tunataja albamu bora kuliko zote, wakati tumeulizwa utaishi na ipi siku ambazo huna hata mtu wa kumwambia "umeamkaje". Kwa ubora ningempa Kendrick na tusingebishana. Kisiwani mimi nataka watu.

Na hii albamu imejaa watu. Q-Tip na Phife Dawg, rapa wa kundi hilo, walikuwa marafiki tangu utotoni huko Queens, New York. Baadaye waligombana vibaya, hadi filamu ya mwaka 2011 ikauonyesha ugomvi wao hadharani. Albamu yao ya mwisho kabla ya hii ilikuwa ya 1998. Novemba 2015 wakapanda jukwaa moja kwenye televisheni, na kutoka hapo wakaanza kurekodi nyumbani kwa Q-Tip, New Jersey. Sharti la Q-Tip lilikuwa kwamba hakuna kutumiana vesi kwa intaneti: anayetaka kuchana aje studio. Phife alikuwa akisafiri kutoka California huku figo zake zimechoka na yuko kwenye matibabu ya kusafishwa damu. Alifariki Machi 2016 kabla kazi haijakamilika.

Sikilizeni ngoma ya Dis Generation kwa makini. Mmoja anaanza mstari, mwingine anaudaka kabla haujatua, wa tatu anaumalizia: Q-Tip, Phife, Jarobi na Busta Rhymes. Ukisikiliza kwa spika ndogo unaweza usijue nani amemwachia nani. Sauti ya kila mmoja inaonyesha anamsikia mwenzake, kwamba wako chumba kimoja. Hilo huwezi kulipata kwa vesi iliyotumwa kutoka mji mwingine, hata aliyeituma awe mkali kiasi gani. Jarobi naye, ambaye aliliacha kundi mapema akaenda kwenye mambo ya upishi, anarudi hapa akichana kama mtu aliyekuwa amebana pumzi miaka yote hiyo.

Sisi tuliokulia na rap ya huku tunaielewa ladha hii. Kwanza Unit pale Dar, Kalamashaka kutoka Dandora, Nairobi, X Plastaz wa Arusha: hip-hop ilitufikia kwa makundi, maiki ikipita mkono hadi mkono. Siku hizi rapa mmoja anajieleza mwenyewe saa nzima, na sifa kubwa kabisa aliyopewa J. Cole kwa 2014 Forest Hills Drive ni kwamba hakushirikisha mtu. Ni albamu nzuri, naiheshimu. Kisiwani sifa hiyo inageuka kasoro.

Watu wa Kanye watasema: mbona naye alikusanya jeshi zima kule Honolulu, na Hawaii ni visiwa kweli? Sawa, na vesi ya Nicki Minaj kwenye ngoma ya Monster sitaigusa. Ila wale wote waliitwa kumjenga mtu mmoja. Albamu ikiisha, aliyebaki sebuleni ni Kanye na majeraha yake. Miezi ya kwanza ningeifurahia, baada ya hapo ningechoka naye.

Kuhusu To Pimp a Butterfly nina sababu nzito zaidi. Kumbukeni inavyoisha. Ngoma ya mwisho, Mortal Man, inapita dakika 12, na sehemu ya mwisho ni mazungumzo ya Kendrick na Tupac, yaliyotengenezwa kwa sauti ya mahojiano aliyofanyiwa Tupac mwaka 1994. Kendrick anauliza, Tupac anajibu, unasahau kabisa kwamba huyu aliuawa 1996. Kisha Kendrick anamsomea maandishi, anamwomba maoni yake, na hajibiwi. Anaita "Pac?", anaita tena, kimya. Albamu imeisha. Nikiwa nyumbani, mwisho ule unanisisimua mwili. Nikiwa peke yangu gizani, bahari pande zote, sijui kama ningeuvumilia hata wiki moja.

Kwa Tribe, aliyekufa anajibu. Phife amefariki na bado anadaka mstari wa Q-Tip, anatania, anachana kwa lafudhi ya Trinidad aliyorithi kwa wazazi wake. Kwenye Lost Somebody wenzake wanamlilia waziwazi, halafu kwenye The Donald, ngoma ya mwisho yenye jina lililotoka kwenye a.k.a. zake, yumo mwenyewe. Kilio kimo, na baada ya kilio kuna maisha.

Kasoro zipo pia. Nusu ya pili imelegea kidogo kuliko ya kwanza, na We the People.... imefungamana sana na siasa za Marekani za mwaka ule. Anayetaka kunibana aanzie hapo. Na kama kuna mtu atatetea Testimony 1990 ya Khaligraph Jones (2018) au Sometimes I Might Be Introvert ya Little Simz (2021), aje na ngoma na sababu, asitaje jina tu. Wa Kendrick, nawaomba mnijibu hilo la Mortal Man kwanza.

Naomba kuwasilisha.