Wiki 9 bila fegi, lakini jioni zinanimaliza

Dereva wa Kondele: Asubuhi niko sawa kabisa. Shida ni jioni stejini: makanga akiwasha, vidole vyangu vinapapasa mfuko vikitafuta kiberiti. Jana niliomba moja, nikainusa, nikairudisha. Nyinyi mlifanyaje?

Mama Njugu: Pole kaka. Ile hamu ikipanda, kwa kawaida hupoa ndani ya dakika 5 hivi. Mimi hutafuna njugu za shilingi 10. Wakiwasha, shuka utembee kidogo.

Mzee wa Milimani: Mimi nilirudia baada ya mwaka mzima, kwa moja tu ya matangani. Kijana, usinuse! Famasi kuna chingamu ya nikotini; itafune polepole, kisha ibane shavuni.

Dereva wa Kondele: Asante mzee. Kiberiti nimempa mama watoto.