Kiwanda kimehamia Mexico, fomu ya msaada wanaipokea ila kuichunguza hawaruhusiwi! Huu ni uhuni

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Miaka saba nimekata vitambaa vya makochi kwenye kiwanda kimoja hapa North Carolina. Sikuwa mbeba boksi, nilikuwa na mashine yangu na naijua mpaka inavyokohoa. Mwishoni mwa 2023 wakaja vijana wanne kutoka Mexico na madaftari. Bosi akasema hawa wageni, waonyesheni kazi. Tukawaonyesha. Mmoja nilimfundisha mwenyewe kulaza kitambaa cha maua ili ua la mgongoni likutane na ua la kikalio, kitu kilichonichukua mwaka mzima kukijua. Machi 2024 mashine ikafunguliwa boliti, nikaizungushia nailoni kwa mikono yangu hii, ikapanda lori. Ijumaa yake nikapewa bahasha.

Nikajipa moyo, kwa sababu Marekani kuna sheria ya watu kama sisi. Ipo tangu 1962 enzi za Kennedy, ikasukwa upya 1974, wenyewe wanaiita TAA. Ukipoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje au kiwanda kuhamia nje, serikali inakusomesha kazi nyingine na kukulipa posho ukiwa darasani. Haihitaji hata wakili: wafanyakazi watatu mnajaza ombi ndani ya mwaka mmoja tangu mpunguzwe, Wizara ya Kazi inachunguza, ikiridhika inapitisha kundi zima, halafu kila mmoja anakwenda kudai chake ofisi ya ajira ya jimbo.

Na ilifanya kazi! Jamaa yangu alipunguzwa 2018 kiwanda kingine, kundi lao likapita. Wakati ule, ukijumlisha fao la kawaida la kukosa ajira na posho ya masomo, mtu aliweza kufika wiki 130. Akasomea umeme wa viwandani, leo ananiazima hela. Waliovuka miaka 50 wakapata kazi ya mshahara mdogo, walikuwa wanafidiwa nusu ya pengo, mpaka dola 10,000 ndani ya miaka miwili.

Basi tukatafuta sahihi tatu. Yangu, ya jamaa wa Honduras, na ya mama mmoja wa Bukavu wa upande wa kushona. Sahihi ya nne tulikosa kwa sababu wenzetu wengi walikuwa wa ejensi, yaani wameajiriwa na wakala na si kiwanda chenyewe, wakadhani hayawahusu. (Yanawahusu. Mtu wa ejensi aliyekuwa chini ya amri ya kiwanda alikuwa anaingizwa kwenye kundi. Wangapi wamepoteza haki yao kwa kutoambiwa hilo?)

Nafika ofisini, karani anaiangalia fomu kama naleta noti ya zamani. "Unaweza kuituma," anasema, "lakini hakuna atakayeifanyia kazi."

Kumbe muda wa sheria ulikwisha, Bunge halikuuongeza. Tangu 1 Julai 2022 ombi unaruhusiwa kupeleka, ila wizara hairuhusiwi kuchunguza wala kutoa uamuzi. Ukipeleka, linakaa.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Hata kunyimwa hawaninyimi! Zamani ukikataliwa ulikuwa na njia ya kwenda Mahakama ya Biashara ya Kimataifa kule New York ukabishe. Sasa nibishe nini? Kimya hakikatiwi rufaa.

Nilichobaki nacho ni fao la kawaida la jimbo: wiki 12, na kiwango cha juu mwaka ule kilikuwa dola 350 kwa wiki. Piga hesabu na kodi ya nyumba na watoto watatu. Nimejifunza nini kipya ndani ya wiki 12? Kupanga boksi ghalani, shifti ya usiku. Nimekuwa mbeba boksi sasa, furahini.

Halafu unawasha runinga, wanasiasa wa vyama vyote viwili wanampigania "mfanyakazi wa kiwandani". Ushuru huu, mkataba ule. Kama mnatupenda hivyo, nani alishindwa kunyoosha mkono kuongeza muda wa sheria ya miaka 60?

Msianze na "rudi Bongo", nimewahi kuzisoma hizo. Nataka jambo moja: kuna yeyote ambaye kundi lake lilipitishwa kabla ya Julai 2022 na bado analipwa? Njoo useme ulivyofanya, kuna watu wanaweza kuwa na haki hawajui.

Kwangu mimi limeisha, ila yule mama wa Bukavu kila Jumapili ananiuliza mlangoni mwa kanisa: "Papa, jibu ilishakuya?" Nimeshindwa kumwambia.