Naomba ushauri: nyumba ya mawe inatikisika kwa nguzo zinazopigiliwa ufukoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Naishi na mama Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, na tangu mkandarasi aanze kupigilia nguzo za gati hapo ufukoni, kila nyundo ikishuka vikombe hulia kabatini na unga wa chokaa humwagika kutoka kwenye boriti. Kelele za mchana tungezivumilia, maana mji wa bandari haukosi makelele. Kinachotutia hofu ni ufa ulio juu ya mlango, ambao niliubandika kipande cha plasta chenye tarehe, nacho kimekatika. Msimamizi wa kazi alipokea barua yetu, akajibu kwamba hawajavunja sheria. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitikisiko, za mwaka 2009, zinakataza mtikisiko unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo la kazi, lakini sisi hatuna chombo cha kupimia.

Je, ni mtaalamu wa aina gani anayeweza kutupimia kwa namna ambayo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itaikubali? Na je, ni busara kumtaka mkandarasi atoboe mashimo kwanza badala ya kupigilia moja kwa moja?