Wauza televizheni wa Lubumbashi, acheni kutuuzia QLED kwa jina la OLED!

Ndugu zangu wa L'shi, nimekasirika na sitaficha. Kuna magazini moja hapa mjini imemuuzia kaka yangu televizheni ya inchi 65 kwa bei ya OLED. Kwenye faktire, yaani risiti ya malipo, wameandika OLED. Kwenye katoni, na mgongoni mwa televizheni yenyewe, imeandikwa QLED. Tuliporudi kuuliza, muuzaji akajibu bila haya: "Papa, ni kitu kimoja, herufi tu ndiyo imebadilika."

Kitu kimoja namna gani? OLED haina taa nyuma. Kila nukta ya kioo inajiwasha na kujizima yenyewe, na kwenye televizheni ya 4K, yenye picha kali, nukta hizo ni zaidi ya milioni 8. Penye giza zinazimika kabisa. QLED ni LCD ileile ya siku zote, ina taa za LED nyuma na utando wa kukoleza rangi. Hata Mini LED, aina ya LCD yenye taa ndogondogo nyingi nyuma, iliyo bora zaidi, taa zake zimegawanywa mafungu mafungu, na fungu moja linamulika nukta nyingi kwa mpigo.

Usiku tukazima taa za sebuleni, tukaweka filamu. Ile mistari myeusi ya juu na chini ikawa ya kijivu. Maandishi meupe ya tafsiri yalizungukwa na ukungu kama moshi wa makaa mabichi. Hiyo ndiyo picha ya bei ya OLED?

Pale dukani huwezi kuliona hilo, na wao wanajua. Zote wameziweka kwenye modi ya magazini, mwanga hadi mwisho, majani ya uwanja yanachoma macho, na neoni juu ya kichwa. Katika mwanga ule, yenye kuwaka zaidi ndiyo inashinda. Niliomba telekomande nitoe modi ya picha ya "Dynamique" niweke ile ya "Cinéma", wakakataa. Niliomba kuchomeka flashi yangu yenye filamu ya usiku, eti italeta virusi!

Na nyinyi mnaobishana Sony au Samsung, jina peke yake halitoshi. Sony A95K, OLED ya mwaka 2022, ilitumia kioo cha Samsung Display, kampuni ya vioo ya Samsung. Samsung wenyewe wanauza OLED na QLED. Someni namba ya modeli.

Sisemi QLED ni mbaya. Sebule yenye madirisha makubwa, Mazembe inacheza saa tisa mchana, ningechukua hiyohiyo. Lakini kwa bei yake!

Wanaouza OLED ya kweli nao wananyamaza jambo kubwa. OLED ikishatumika saa kadhaa, ukiizima kwa telekomande inabaki ikisawazisha nukta zake, ili nembo ya chaneli au ubao wa magoli usigande kwenye kioo. Lazima iwe bado kwenye umeme. Sisi hapa kuran, yaani umeme, inakatika ovyo, na ikirudi kwa nguvu inaunguza vitu, kwa hiyo kila mtu anachomoa waya kabla ya kulala. Mteja anatoa dola zote hizo na hakuna anayemwambia!

Kaka anataka OLED aliyoandikiwa, au arudishiwe tofauti ya bei. Wanasema katoni imeshafunguliwa, basi. Mwenye kujua faktire hii tuipeleke wapi aandike hapa. Na kama kuna magazini inayokuachia telekomande mkononi kabla hujalipa, itajeni.