Mwaka mzima wa kutembea: nyumbu na maua ya bara, au matamasha ya pwani?

Mabokweni Kwetu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini. Kazini kwetu likizo tunaruhusiwa kuigawa vipande, na mwaka ujao mimi na mama watoto tumekubaliana: harusi za ndugu tutachangia kidogo, hela nyingine ni ya kutembea. Sharti letu ni kufika mahali wakati wa jambo lenyewe. Hatutaki kufika tukaambiwa "mngekuja mwezi uliopita mngefaidi".

Nina michoro miwili. Wa bara: Februari Ndutu nyumbu wakizaa, Machi maua ya hifadhi ya Kitulo kule nyanda za juu kusini, Agosti au Septemba Kogatende kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara. Wa pwani: Februari Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja, Julai Mwaka Kogwa pale Makunduchi, Oktoba tamasha la Bagamoyo, Desemba papa potwe Mafia. Tuna gari dogo la chini na watoto wawili wa shule ya msingi. Mngekuwa nyie mngeshika upi?

Dereva Mto wa Mbu

Mkuu, kwa nyumbu ningekwambia shika Ndutu, Kogatende achana nayo. Kule Mara watu wanaona video za kuvuka wanadhani ni ratiba ya treni. Unakaa ukingoni tangu asubuhi, nyumbu wamejazana ng'ambo, wa mbele anashuka, ananusa maji, anageuka, na kundi zima linageuka naye. Nimepeleka wageni wakakaa siku nzima juani wakaondoka bila kuona hata mmoja kalowa. Halafu kutoka Tanga hadi kaskazini kabisa ya Serengeti ni safari ya kukata na shoka, na watoto ndani.

Ndutu ni tofauti. Kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi mvua ikiwa imenyesha vizuri, nyasi fupi za kule zimeota kwenye udongo wa majivu ya volkano, zina madini ambayo mama mwenye maziwa anayahitaji. Wanazaa karibu wote kwa mkupuo, wiki chache tu. Utaona ndama anadondoka, dakika chache kasimama, miguu inagongana, na fisi yuko pale anatazama. Hilo hulikosi.

Gari lako liache nyumbani, kodi 4x4 Karatu. Kiingilio kwa sisi raia hakiumizi, kinachokamua ni gari, mafuta na malazi. Na Ngorongoro na Serengeti ni mamlaka mbili: ukilala Ndutu upande wa Ngorongoro halafu ukavuka mpaka, unalipa na kwa mwenzake.

Bahili Mstaarabu

Mimi naona tatizo lako si bara wala pwani, ni Februari. Andika kwenye karatasi uone: nyumbu Februari, Kitulo Februari inapendeza kuliko Machi, Busara Februari. Na miaka hii Ramadhani nayo inaangukia humo humo Februari na Machi, kwa hiyo ukifika Unguja siku zake, mchana migahawa mingi imefungwa na ngoma hakuna. Tena watoto wako darasani! Halafu ukitazama Aprili na Mei, tupu kabisa, masika inamwagika. Mwaka haujagawanyika sawa kwa sawa, lazima uchague kitu kimoja kwenye kila fundo na vingine uviache vya mwaka mwingine. Ukitaka vyote utakuwa unatalii stendi za mabasi.

Binti Kaole

Waungwana, shikamooni wakubwa. Mimi ni wa hapa Bagamoyo, nizungumzie la kwetu.

Kaka, tamasha letu usiliandike "Oktoba" kwa wino. Lipo tangu miaka ya mwanzo ya 80 pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, lakini tarehe zinatembea: kuna mwaka Septemba, miaka ya karibuni Oktoba au Novemba. Usilipie chumba mpaka wametangaza. Likishatangazwa vyumba vya mjini vinajaa haraka, ila kutoka Dar ni kilomita sabini hivi, wengi huja na kurudi.

Kwa watoto sidhani kama kuna safari rahisi kuliko hii. Jioni unakaa, wanapanda Wagogo na zeze na marimba zao, wakishuka wanapanda Wamakonde na sindimba, kisha wanafunzi wa chuo na sarakasi. Mchana unawapeleka magofu ya Kaole, unarudi soko la samaki mnakula pweza. ZIFF, tamasha la filamu la Unguja, nayo ilikuwa Julai siku zote, siku hizi inahamahama. Kwa hiyo mambo ya tarehe tuulizane kabla.

Mwana wa Kae

Makunduchi hatuhamishi bibie 😄. Mwaka Kogwa ni wa mwaka wa Kishirazi, unahesabiwa kwa jua, kwa hiyo ni ile ile 23 au 24 Julai. Maulidi ndiyo inayorudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa sababu ni ya mwezi, usiweke vitu hivi kwenye kapu moja.

Mgeni anachokuja kutazama ni wanaume wa pande mbili za mji wakichapana kwa migomba. Wanagombana kwelikweli, ukishamaliza ya moyoni yamekwisha, hakuna kinyongo cha kuvuka mwaka. Kisha kibanda cha makuti kinachomwa, na wazee wanaangalia moshi umeelekea wapi. Wanawake wamevaa, wanaimba, na maneno mengine wanayoimba watoto wako wasiulize maana yake. Kwa desturi mgeni siku hiyo hakosi pa kula. Busara ni nzuri, Ngome Kongwe inachangamka, na Mtanzania analipa kiingilio cha chini, lakini kule unanunua tikiti ukae utazame. Huku umo ndani.

Nahodha wa Ushongo

Nasoma nacheka. Mtu yuko Tanga anauliza nyumbu, na Pangani hapo mlangoni hajafika.

Nikupe kalenda ya pepo, achana na ya ukutani. Kusi ikivuma Juni hadi Agosti bahari imechafuka, watoto watatapika. Kusi ikilegea, Septemba na Oktoba, maji yanatulia na nyangumi bado wanapita, maana wapo kuanzia Julai. Hapo ndipo uje. Na uje bamvua, mwezi mpya au mpevu: pwani yetu hii bamvua maji yanatoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na Maziwe inaibuka, mchanga mweupe mtupu katikati ya bahari. Saa kumi hakuna kisiwa. Ukija siku za maji mafu unaona nusu tu ya shani yenyewe.

Kasa wanataga pale pale Maziwe, ila mivinje ilishakufa yote na maji makubwa yanafunika kila kitu, kwa hiyo mayai huhamishiwa ufukweni Ushongo. Yanakaa siku hamsini hadi sitini mchangani. Watunzaji wana tarehe za kila kiota, ukipiga simu wanakwambia lini vifaranga watatoka. Hilo halimo kwenye michoro yako yote miwili.

Mabokweni Kwetu

Nahodha umeniaibisha hadharani, nimekubali. Nimepanga upya: Februari Kitulo, mimi na mama watoto tu, watoto wabaki kwa bibi yao. Masika hatutoki, tukitoka ni Muheza kufuata machungwa. Julai Makunduchi. Septemba Ushongo siku za bamvua. Bagamoyo wakitangaza tu tunakwenda, Binti Kaole tafadhali tupia tarehe humu. Desemba Mafia, shule zimefungwa. Ndutu nimeiweka mwaka wa pili, Dereva usininunie.

Swali moja: Chimala kupanda Kitulo, ile Hamsini na Saba, gari dogo linapita?

Dereva Mto wa Mbu

Sijanuna. Kona hizo 57 kiangazi linapanda polepole. Februari, mvua ikiwa imenyesha, usithubutu. Liache Chimala, panda magari ya Matamba, na ukae upande wa dirisha kama huogopi korongo.

Bahili Mstaarabu

Na Mafia meli au boti za Nyamisati, uliza siku kabla hujafunga mizigo. Ndege utajuta bei.