Wenye nyumba Webuye, rangi si bati! Mnapaka rangi juu ya kutu kisha mnapandisha kodi

Wadau, hili la mapaa lazima lisemwe. Kiwanda cha karatasi cha hapa Webuye kilianza kazi 1974, kikafungwa 2009, kikauzwa 2016 na baadaye kikawashwa tena. Wapangaji wakianza kurudi, wenye nyumba nao wamepata ujanja: ndoo ya rangi ya kijani, kijana mmoja juu ya paa asubuhi, jioni tangazo, "nyumba imekarabatiwa".

Imekarabatiwa wapi? Ile harufu ya mayai viza ya kiwandani ilikuwa salfa ya mitambo ya kupikia mbao. Ikichanganyika na unyevu wa bonde la mto Nzoia inakuwa asidi, na asidi inakula zinki, yaani ule mpako unaokinga bati. Bati lisilo na zinki ni chuma kitupu. Kutu mbaya zaidi haionekani hata kwa juu, iko pale bati linapolalia jingine, maji yanatuama na brashi haifiki. Ukiipaka rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu, yanaziba mifereji, mengine yanaingia tangini. Ndiyo maana maji yenu yana rangi ya chai ya rangi.

Kabla ya kulipa diposti, funga mlango na madirisha saa sita mchana, utazame juu. Ukiona nyota, toka. Kama kuna dari, tafuta madoa ya kahawia. Kisha chukua bisibisi, ubonyeze bati kando ya msumari. Ikizama, hilo ni chujio.

Rangi inasaidia bati ambalo bado ni zima: sugua penye kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, osha, acha likauke, paka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu mara mbili. Kwa paa zima, nusu siku haitoshi hata kusugua.

Na nyinyi mnaobadilisha mabati kweli, mbona geji 32? Namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, mnajua sana. Wekeni 28, yalaliane mgongo mmoja na nusu, msumari upigwe mgongoni na raba yake, si bondeni. Bati jipya msilichanganye na kuukuu: zinki yake italiwa ikilinda lile bovu.

Dalali anayejibu "ilikuwa inavuja, sasa imepakwa" alale humo usiku mmoja tu wa Aprili. Aje na karai lake.